Nyaya za Spika: Istilahi na Uteuzi Wake

Neno "kipaza sauti" limebebeshwa mzigo mzito. Mhutubu husema mbele ya kipaza sauti, na wasikilizaji humsikia kupitia kipaza sauti kilichotundikwa ukutani. Vyombo ni viwili na kazi zake ni kinyume, lakini jina ni moja. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha huondoa utata. Dukani, mahali ambapo mnunuzi wa mtambo wa muziki wa hali ya juu hutoa fedha nyingi, utata huo huleta hasara. Makala haya yanakusudia kufafanua istilahi zinazohusika, na kuonyesha jinsi zinavyomsaidia mtu kuchagua nyaya zifaazo.

Yafaa kutenga vyombo vitatu. Mikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme. Kikuza sauti huongeza nguvu ya umeme huo. Spika huurudisha umeme kuwa sauti. Huenda ikadaiwa kwamba "spika" ni cheo cha Bunge. Hata hivyo, upatanisho wa kisarufi hutenganisha maana hizo: Spika amefika, lakini spika imefika.

Kati ya kikuza sauti na spika hupita nyaya. Waya ni uzi wa metali upitishao umeme. Kebo ni nyaya kadhaa zilizofungwa pamoja, kila mmoja ukiwa na kihami chake. Sifa kuu ya waya huo ni ukinzani, yaani kiasi cha kuupinga umeme unaopita. Kipimo chake ni omu, kutokana na jina la Georg Simon Ohm, mwanafizikia Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Ukinzani huongezeka kadiri waya unavyorefuka, na hupungua kadiri unavyonenepa.

Spika nayo huupinga umeme, lakini kiasi chake hubadilika kwa kufuata uzito au wembamba wa sauti. Upinzani huo huitwa impedansi, nao pia hupimwa kwa omu; nyuma ya spika nyingi imeandikwa 8 au 4. Kanuni itumikayo sana ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya impedansi ya spika.

Tuchukue mfano. Spika iko mita 5 kutoka kwenye kikuza sauti. Kwa kuwa umeme huenda na kurudi, urefu wa kuhesabu ni mita 10. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 utakuwa na ukinzani wa omu 0.34 hivi. Kwa spika ya omu 8 kikomo ni 0.4, hivyo utafaa; kwa spika ya omu 4 kikomo ni 0.2, hivyo hautafaa. Waya wa milimita za mraba 2.5, unene ambao mafundi huutumia kwa soketi za nyumbani, utakuwa na omu 0.07 tu, na utazifaa spika zote mbili.

Mnunuzi asichanganye "waya wa shaba" na "waya uliopakwa shaba". Huu wa pili mara nyingi ni wa alumini, na ukinzani wa alumini ni mara 1.6 hivi ya ule wa shaba. Fedha huishinda shaba, lakini kwa chini ya asilimia 10. Shaba iliyonenepa kidogo hufidia tofauti hiyo kwa bei ndogo. Dhahabu ina ukinzani mkubwa kuliko shaba. Hupakwa kwenye plagi kwa sababu haichakai kwa unyevu wala hewa ya chumvi.

Mwisho, ncha chanya ya kikuza sauti iunganishwe na ncha chanya ya spika, na hasi na hasi. Ikigeuzwa spika moja tu, kiwambo chake kitaingia ndani wakati kile cha mwenziwe kikitoka nje, na sauti nzito zitafifia.

Wauzaji huzisifu kebo za bei kubwa kwa maneno kama "utamu" na "uhai". Hayo ni maneno ya sifa, si istilahi, kwa maana hayana kipimo. Mnunuzi na aulize urefu, unene, metali na omu. Muuzaji ajibu kwa tarakimu.