Mzazi mkulima Tabora, usiuze maksai kukwepa mkopo wa chuo

KATIKA karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi walibeba meno ya tembo kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakarudi na vitambaa na shanga. Leo vitukuu wao wanaifuata njia hiyo kwa treni na mabasi kwenda vyuoni Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam, na swali linalowatesa wazazi ni nani atalipa.

Kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge, tatizo kubwa ni kalenda. Miche hupandikizwa mvua zikianza, majani hukaushwa mabanini, kisha soko hufunguliwa kuanzia Aprili au Mei. Chama cha msingi hukata kwanza deni la mbolea na pembejeo nyingine. Malipo yakichelewa, na huchelewa, mwezi wa chuo kufunguliwa hukuta nyumba haina kitu. Hapo ndipo maksai wa kulimia hupelekwa mnadani.

Hesabu hiyo ni mbaya. Maksai wakienda, eka za msimu ujao zinapungua, na mwaka wa pili wa masomo hauna wa kuulipia.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Fedha zake ni deni: mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Lakini tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa wanaochelewa kulipa. Sijui mkopeshaji mwingine anayempa mtoto wa mkulima masharti nafuu kiasi hicho.

Kinachowaangusha waombaji ni makaratasi. Dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, familia ikiwa imezama kwenye soko. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na yatima huhitaji cheti cha kifo cha mzazi. Jina likiwa "Juma" kwenye cheti kimoja na "Jumaa" kwenye kingine, usumbufu huanza. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF iweke tayari ushahidi wake. Fomu inataka mdhamini, saini ya kiongozi wa kijiji au mtaa, na hakimu au wakili. Haya yafanywe wakati tumbaku ingali shambani.

Jambo jingine lisilosemwa sana: "bumu", yaani fedha za kujikimu, haimsubiri mwanafunzi getini. Ni lazima kwanza afike, asajiliwe na asaini. Nauli, godoro na chakula cha wiki za mwanzo hutoka nyumbani, tena mkopo si lazima ugharimie ada yote. Fedha hizo zitengwe kwenye malipo ya kwanza ya tumbaku, kabla ya harusi na pikipiki.

Aliyefaulu vizuri sana sayansi kidato cha sita aangalie ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022. Kwa stashahada, Bodi ilianza kukopesha mwaka wa masomo 2023/24 katika fani za kipaumbele, kilimo na mifugo zikiwamo. Mzazi aliye jirani na Chuo cha Kilimo Tumbi asome mwongozo wa mwaka husika kabla hajafikiria nauli ya Morogoro.