Usharika wa Sydney na suala la wapenzi wa jinsia moja

Katikati ya jiji la Sydney, katika barabara ya Pitt, upo usharika wa Kikristo ambao kwa miaka mingi umewapokea wapenzi wa jinsia moja kuwa waumini kamili. Usharika huo ni wa Kanisa la Uniting, lililoundwa mwaka 1977 kwa muungano wa Wamethodisti, Wakongregesheni na sehemu kubwa ya Wapresbiteri wa Australia.

Mchungaji Dorothy McRae-McMahon, aliyeuongoza usharika huo katika miaka ya 1980, alitangaza hadharani mwaka 1997 kwamba yeye mwenyewe huvutiwa na wanawake. Tangazo hilo lilizusha mjadala mkali.

Mwezi Julai mwaka 2018, miezi saba baada ya sheria ya ndoa za jinsia moja kuanza kutumika, mkutano mkuu wa kanisa hilo uliridhia maelezo mawili ya ndoa: ya mwanamume na mwanamke, na ya watu wawili. Kila mchungaji aliachiwa hiari ya kuzifungisha au kukataa.

Dayosisi ya Anglikana ya Sydney, kwa upande wake, ilitoa dola milioni moja mwaka 2017 kupinga mabadiliko hayo. Kanisa lake kuu liko umbali wa dakika chache tu kwa miguu kutoka barabara ya Pitt.