Mbwa na Paka wa Nyumbani Mwetu: Wajibu wa Mwamini Tangu Kuzaliwa Kwao Hadi Uzee Wao



Katika vijiji vya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mbwa na paka ni sehemu ya kaya. Mbwa hulinda nyumba usiku, huwafukuza nyani na ngedere wasimalize mahindi shambani, na huandamana na warina asali hadi porini. Paka naye hulinda mahindi na maharage ghalani dhidi ya panya. Hata hivyo, wanyama hawa wanaotutumikia mwaka mzima mara nyingi ndio wa mwisho kukumbukwa. Makala hii inaeleza kwa nini kuwatunza ni sehemu ya maisha ya imani, na namna ya kufanya hivyo kwa uwezo wa familia ya kawaida ya mkulima.

Maandiko Matakatifu hayanyamazi juu ya jambo hili. Kitabu cha Mithali (12:10) kinafundisha kwamba mtu mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Kitabu cha Tobiti kinasimulia kwamba kijana Tobia aliposafiri pamoja na Malaika Rafaeli, mbwa alifuatana nao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418, inatuwekea mizani. Wanyama ni viumbe vya Mungu, nasi tunawiwa kuwatendea wema. Kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Wakati huohuo, haifai kuwatumia fedha zinazopaswa kwanza kupunguza mateso ya watu. Kwa hiyo Kanisa halimdai mzazi wa Heru Juu au Mabamba amnyime mtoto ada ya shule kwa ajili ya mbwa. Linamdai asiwe mkatili wala mzembe. Sheria ya nchi yetu, yaani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inakataza ukatili huo.

Tuanze na watoto wa mbwa na paka. Wasiachishwe mama yao kabla ya kutimiza majuma nane, maana maziwa yake huwapa kinga, na kwa kukaa na ndugu zao hujifunza kutouma ovyo. Watoto wa mbwa huambukizwa minyoo na mama yao hata kabla ya kuzaliwa. Ndiyo sababu ya tumbo kubwa na mbavu zinazoonekana. Dawa ya minyoo ianze mapema, kwa kipimo anachoelekeza afisa mifugo. Familia isiyoweza kuwalea wengi imwulize afisa huyo kuhusu kuhasi. Kuwatupa watoto vichakani si suluhisho, bali ni kuwaua polepole.

Chakula kinahitaji maarifa kuliko fedha. Mbwa huweza kuishi kwa ugali uliochanganywa na dagaa au mabaki ya nyama, pamoja na maji safi kila siku. Paka hawezi kuishi kwa ugali peke yake; mwili wake unahitaji nyama au samaki, la sivyo macho na moyo wake hudhoofika. Tunapochinja wakati wa Noeli na Pasaka, tusimtupie mbwa maini au mapafu mabichi yenye mapovu ya maji. Mapovu hayo ni viluwiluwi vya tegu, ambao hukua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake humrudia binadamu kupitia kinyesi. Matumbo hayo yafukiwe chini kabisa.

Dawa pia zina hatari zake. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumwua paka. Baadhi ya dawa za kuogeshea ng'ombe na mbuzi ni sumu kali kwake, na hata panya aliyekula sumu huweza kumdhuru anayemla. Anayekwenda na mbwa porini akumbuke pia mbung'o. Wilaya zetu zinafahamika tangu zamani kwa ugonjwa wa malale, na mbwa hushambuliwa na vimelea hivyo. Mbwa mwenye homa, aliyevimba uso na ambaye macho yake yamegeuka kuwa na ukungu, apelekwe kwa mtaalamu upesi.

Lililo zito kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Duniani kote ugonjwa huu hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Watoto ndio waathirika wakubwa, kwa kuwa ndio wanaocheza na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini ugonjwa huu huzuilika. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kisiwani Pemba, uchanjaji wa mbwa uliweza kuyakomesha. Kwa hiyo chanjo anayopata mbwa wako humlinda hata mtoto wa jirani. Mbwa apate chanjo ya kwanza akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha irudiwe kila mwaka. Na paka asisahaulike.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na amalize dozi zote za chanjo kwa tarehe alizopangiwa. Tusipoteze siku kwa dawa za kupaka, wala tusiifanye sala kuwa sababu ya kuchelewa: Mungu tunayemwomba ndiye aliyempa mwanadamu akili ya kutengeneza chanjo. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa kwa usalama, asiuawe kwa haraka. Afisa mifugo aarifiwe ili achunguzwe kwa siku kumi.

Hatimaye huja uzee. Mbwa mzee hupoteza meno, viungo hukakamaa, na baridi ya Juni na Julai humsumbua. Gunia kavu la kulalia, uji mzito badala ya mifupa, na kufunguliwa mnyororo ili atembee kidogo, havigharimu kitu kikubwa. Ikiwa mateso yake hayana tiba, mtaalamu wa mifugo anaweza kumwondolea uhai bila maumivu. Si halali kumpiga mawe mtumishi wa miaka kumi mbele ya watoto. Wanajifunza kutoka kwetu namna ya kuwatendea wote walio dhaifu.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, mtaalamu aliyegundua chanjo ya ugonjwa huu. Siku sita baadaye, tarehe 4 Oktoba, tunamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo itumie juma hilo kuorodhesha mbwa na paka wa kaya zake, kisha viongozi wapeleke idadi hiyo kwa afisa mifugo wa kata na kumwomba apange siku ya chanjo. Nao makatekista waitangaze siku hiyo katika vigango vyote baada ya ibada ya Dominika.