Mshono wa Paka na Kabati la Dawa za Binadamu

Katika nyumba nyingi za Lushoto paka hafugwi kwa urembo. Kazi yake ni kulinda mahindi na maharage, na katika milima ya Usambara panya ana historia nzito. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa tauni, unaoenezwa na viroboto wa panya, uliwapata maelfu ya wakazi wa wilaya hiyo. Haishangazi basi kwamba mwenye paka hodari husita kumpeleka kufungwa kizazi, akihofu atarudi mvivu. Hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa uwindaji hautegemei ovari. Kinachostahili kuhofiwa ni siku 10 hadi 14 zinazofuata upasuaji, na hasa mkono wa mwenye nyumba unaotaka kusaidia.

Daktari wa mifugo huondoa ovari, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi, kupitia mpasuo mdogo wa tumboni au ubavuni. Kingo za ngozi hushikana mapema, lakini tishu za ndani huchukua wiki kadhaa kurudisha nguvu. Ndiyo maana paka anayeonekana mzima siku ya tatu, akaruka kutoka darini kumfuata panya, anaweza kuufumua mshono. Kwa muda huo na akae ndani, ghala lijilinde lenyewe.

Usiku wa kwanza jambo kubwa ni joto. Paka aliyetoka kwenye usingizi wa nusukaputi hushindwa kudhibiti joto la mwili wake, na baridi ya Lushoto mwezi Juni na Julai haina huruma. Alazwe sakafuni katika boksi lenye blanketi, mbali na jiko la mkaa.

Mshono hukaguliwa mara mbili kwa siku, kwa macho tu. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo katika siku za mwanzo ni hali ya kawaida. Usaha, harufu mbaya, kingo kuachana, uvimbe laini unaoongezeka, ufizi kupauka, au paka kukataa chakula kwa zaidi ya siku moja ni sababu za kumrudisha kwa daktari bila kungoja. Iwapo utumbo umeonekana, usisukumwe ndani. Ufunikwe kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa, na kutiwa chumvi kidogo, na safari ianze papo hapo. Paka asiogeshwe, wala asiachwe kulamba kidonda, kwani ulimi wake hukwaruza kama msasa na mdomo wake umejaa bakteria. Kola pana ya shingoni humzuia. Isipopatikana, fulana kuukuu ya mtoto mchanga, iliyotobolewa matundu ya miguu, hufaa.

Hatari kubwa zaidi imo katika kabati la dawa. Parasetamoli, ambayo mtoto wa binadamu hupewa kila siku, humuua paka: ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja, na mabaki yake huharibu himoglobini hadi damu ishindwe kubeba oksijeni. Kidonge kimoja kinatosha. Ibuprofeni nayo haifai. Dawa za kusafishia zenye fenoli humdhuru akizilamba, na spiriti huunguza tishu changa. Viroboto pia wasiuawe kwa dawa ya mbwa yenye pemethrini, wala kwa dawa ya kunyunyizia kabichi. Maumivu ya paka yana dawa zake, naye daktari aliyempasua ndiye wa kuulizwa.

Mhudumu wa zahanati naye ana sehemu yake, maana paka mwenye maumivu huuma. Meno yake membamba hupenyeza bakteria ndani kabisa, na mkono unaweza kuvimba kabla ya siku kuisha, ilhali tundu la nje ni dogo kiasi cha kudharauliwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mgonjwa apimwe haja ya antibayotiki na ya chanjo za pepopunda na kichaa cha mbwa. Mjamzito asiondoe kinyesi cha paka aliyefungiwa ndani. Mwingine akiondoe kila siku, kwa sababu vimelea vya toksoplasma huhitaji angalau siku moja nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza.