Mkanda Unaojifunga Wenyewe

Mkanda wa gari tuliouzoea ni ule wa kuvuta na kubana kwa mkono. Lakini kwa takriban miaka 20 kulikuwa na magari huko Marekani ambayo mikanda yake ilijifunga yenyewe. Habari zake zinatuhusu sisi tunaobeba watoto garini.

Wamarekani walianza kwa nguvu. Magari ya mwaka 1974 yalikataa kuwaka mpaka waliokaa mbele wafunge mikanda. Hata ukiweka kikapu cha mboga kwenye kiti, gari lilidhani ni mtu! Watu walikasirika, na mwaka huo huo Bunge likafuta sharti hilo.

Mwaka 1984 Waziri wa Usafirishaji, Bibi Elizabeth Dole, alitoa agizo jipya: kuanzia magari ya 1987, na yote ifikapo 1990, yawe na kinga isiyomtegemea mtu, yaani mifuko ya hewa au mikanda ya kujifunga. Mikanda ilikuwa nafuu, basi viwanda vingi vikaichagua.

Mingine ilisukumwa na mota juu ya mlango, ukiwasha gari inakuja begani. Mingine ilishikizwa mlangoni, ukifunga mlango inakukumbatia. Hii ya mlangoni ilitakiwa iachwe imebanwa siku zote. Gari likiwa jipya, dereva alivumilia. Siku zikipita ulimkera kila anaposhuka, akaufungua, na tangu hapo ukawa mkanda wa kawaida: akikumbuka anafunga, asipokumbuka basi. Ile ya mota ilidumu zaidi, kwa kuwa haikumwachia nafasi ya kusahau.

Hata hivyo ilikuwa na hila yake. Mkanda wa begani ulikuja wenyewe, ila wa kiunoni ulibaki wa kufungwa kwa mkono, na wengi wakauacha. Walijiona wamekwisha kufungwa. Sisi wauguzi tunajua hatari yake: gari likigonga, mwili huteleza chini, mkanda wa begani ukabana shingo au ukaumiza ini. Nyonga, ambazo ni mifupa yenye nguvu, hazikushikwa na kitu. Tena akina mama walisumbuka kufunga kiti cha mtoto, maana baadhi ya magari hayo yalihitaji kuongezewa mkanda mwingine.

Mifuko ya hewa ilipofanywa lazima kwa magari yote madogo ya mwaka 1998, mikanda hiyo ikatoweka. Wala si mota iliyowabadilisha madereva. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliofunga mkanda Marekani walikuwa kama 14 kwa kila 100. Kufikia 2016 walikuwa 90. Sheria za majimbo, zilizoanzia New York mwaka 1984, pamoja na polisi kuzisimamia, ndizo zilizojenga mazoea hayo.

Kwetu sisi polisi hayupo kila kona, na baba wengine hufunga mkanda wakimwona tu, kisha wakapita wakaufungua. Hapo mama anayeketi kando yake ana kazi ya kusema, kwa upole lakini waziwazi, kabla gari halijaondoka.

Mama mjamzito naye afunge. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, usilale juu ya mtoto. Wa begani upite katikati ya matiti, kando ya tumbo. Ukilegea kwa sababu ya koti nzito, livue kwanza.