Nanosilika na Udongo Mweusi: Saruji Inavyoongezewa Nguvu ya Kuimarisha Ardhi

Utangulizi

Msafiri apitaye nyanda za Athi, viunga vya mashariki mwa jiji la Nairobi, uwanda wa Kano au mashamba ya mpunga ya Mwea huukuta udongo ambao wajenzi wameuzoea kwa jina la udongo mweusi wa pamba. Wakati wa kiangazi udongo huu hupasuka nyufa pana. Masika yakiingia hufura na kuwa tope linalonata. Nyumba iliyojengwa juu yake bila tahadhari hupasuka kuta, na barabara ya lami huanza kujikunja na kufanya mawimbi kabla ya miaka mingi kupita. Aghalabu mkandarasi huuchimba udongo huo, akautupa, kisha akaleta changarawe au mawe kutoka mbali kujazia pengo. Kazi hiyo hula fedha nyingi za umma, na machimbo ya changarawe yakishakwisha hayajijazi tena.

Makala haya yanaeleza njia nyingine, yaani kuuacha udongo palepale na kuuimarisha kwa saruji iliyotiwa chembe za nano. Tunashikilia kwamba chembe hizo zina manufaa ya kweli, ila manufaa hayo yana masharti ambayo wanaozisifu huyapitia juu juu.

Nano ni nini?

Neno hili lina asili ya Kiyunani, na maana yake ni mbilikimo. (Lisije likachanganywa na nane yetu, ingawa masikio ya wengi yamejaribiwa.) Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, ilhali chembe ya nano haizidi nanomita 100. Mtaalamu wa Kijapani, Norio Taniguchi, ndiye aliyelitumia jina la nanoteknolojia kwa mara ya kwanza mnamo mwaka 1974.

Jambo la kushangaza ni kuwa udongo mweusi wenyewe ni kiumbe cha nano. Madini yanayoutawala huitwa montmorilonaiti, kutokana na mji wa Montmorillon nchini Ufaransa. Madini haya yamepangika matabaka matabaka mfano wa kurasa za kitabu, na kila tabaka lina unene wa nanomita moja tu. Maji hujipenyeza baina ya kurasa hizo na kuzisukuma zitengane, na hivyo ndivyo udongo unavyofura. Jua likiyanyonya maji, kurasa hurudiana na ardhi ikapasuka. Kwa hiyo ugomvi wote unaoonekana barabarani chimbuko lake ni pengo ambalo jicho haliwezi kuliona.

Kazi ya saruji na upungufu wake

Saruji ikikutana na maji, huzalisha vitu viwili vikuu. Cha kwanza ni jeli ya silikati ya kalisi, ambayo ndiyo gundi hasa inayozishika chembe za udongo. Cha pili ni chokaa iliyozimika, yaani hidroksidi ya kalisi, inayoweza kufikia sehemu moja kwa tano ya saruji iliyoganda. Chokaa hii haina nguvu nyingi ya kushika, na maji yanayopita huiyeyusha polepole.

Hata hivyo si takataka. Wapwani waliochoma matumbawe ili kupata chokaa ya kujengea, kama magofu ya Gedi yanavyoshuhudia, waliijua thamani yake. Warumi nao waligundua kwamba chokaa ikichanganywa na majivu ya volkano huwa ngumu hata majini. Majivu hayo yaliitwa pozolana kwa sababu yalichimbwa karibu na mji wa Pozzuoli. Saruji nyingi inayouzwa Kenya leo ina pozolana ndani yake. Siri ya majivu ni silika, ambayo huungana na chokaa ile dhaifu na kuigeuza kuwa jeli zaidi.

Nanosilika ni mjukuu wa pozolana. Gramu moja ya saruji ya kawaida ina eneo la uso lisilofika nusu ya mita mraba. Gramu moja ya nanosilika huweza kuwa na mita mraba 200. Kwa kuwa mmenyuko wa kikemia hufanyika usoni mwa chembe, nanosilika huitafuta chokaa na kuimaliza kwa siku chache, ilhali majivu huchukua wiki na miezi. Isitoshe, kila chembe huwa kama mbegu ambayo jeli huota juu yake, na zile zinazobaki huziba vitundu ambavyo maji yangepitia. Ndiyo maana kiasi kidogo, aghalabu asilimia 1 hadi 3 ya uzito wa saruji, huonekana kuleta tofauti katika maabara. Kuna pia nanoalumina, nanokaboneti ya kalisi na neli za kaboni, lakini bei ya hizi za mwisho haziruhusu kumwagwa barabarani.

Mahali penye mtego

Wengine hudhani kwamba kikizidi kiasi huzidi na nguvu. Sivyo. Chembe za nano hupendana mno: zikiongezwa nyingi, au zikikorogwa vibaya, hushikana zikawa madonge, na donge la nanosilika halina tofauti kubwa na vumbi la kawaida ila gharama. Nguvu hupanda hadi kilele fulani, kisha hushuka. Ni afadhali chembe hizo zichanganywe kwanza na maji, ndipo zitiwe udongoni. Maji hayo humkinga pia mfanyakazi, maana vumbi jembamba namna hii likivutwa hufika ndani kabisa ya mapafu.

Mtego wa pili hauzungumzwi sana. Katika zege, chokaa inayobaki haiongezi nguvu nyingi. Katika udongo mweusi ina kazi: kalisi yake hukalia kurasa za mfinyanzi na kuzipunguzia hamu ya maji. Nanosilika ikiipokonya yote, udongo hubaki na gundi nzuri huku mfinyanzi ungali na kiu. Kwa maoni yetu, mfinyanzi mzito utangulizwe chokaa, uachwe upoe, kisha ndipo saruji na nanosilika zifuate.

Maganda ya mpunga

Mtu atauliza nanosilika itoke wapi. Tazama Mwea. Kilo 1,000 za mpunga hutoa takribani kilo 200 za maganda, nayo yakichomwa huacha kilo 40 hivi za majivu. Moto ukidhibitiwa usizidi nyuzi 700, zaidi ya asilimia 85 ya majivu hayo huwa silika iliyo tayari kumenyuka. Moto ukizidi, silika hugeuka fuwele nzito isiyofaa. Majivu hayo si nano, nasi hatupaswi kuyauza kwa jina hilo. Huwa nano baada ya kuyeyushwa kwa magadi makali na kuchujwa kwa tindikali, kazi ambayo ina gharama yake. Lakini hata yakisagwa tu, huweza kupunguza saruji, ambayo viwanda vyake hutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni inayosababishwa na binadamu duniani.

Atakayeletewa kemikali yenye jina la nano na kuahidiwa barabara ya kudumu na aombe matokeo ya vipande vilivyotengenezwa kwa udongo wa mahali penyewe, vikaachwa siku 7, vikalowekwa, vikakaushwa na kulowekwa tena kabla ya kukandamizwa hadi vivunjike. Matokeo ya vipande vikavu hayatoshi, kwa kuwa udongo mweusi mkavu ni mgumu kama jiwe hata usipotiwa kitu.