Fahamu: Jinsi mgonjwa anavyopasuliwa akiwa macho

Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana duniani kwa kutibu fistula. Upasuaji wa fistula mara nyingi hauhitaji nusu kaputi. Ganzi ya uti wa mgongo hutosha.

Mgonjwa huketi, huinamisha kichwa na kukunja mgongo ili pingili za kiuno ziachane. Sindano nyembamba hupita katikati yake. Tone la maji maangavu likichungulia, mtaalamu anajua amefika, naye huingiza mililita 2 au 3 za dawa ya ganzi, bupivakaini. Miguu hupata joto, kisha huwa mizito. Kabla ya kisu, pamba yenye spiriti hupitishwa kwenye ngozi: asiyehisi ubaridi yuko tayari.

Presha huweza kushuka ghafla, kwa hiyo dripu huwekwa mapema. Wengine huumwa kichwa siku chache. Ama ile hofu ya mitaani kwamba sindano hii hulemaza, ulemavu wa kudumu ni nadra mno.

Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, majeraha ya risasi yamebaki habari ya kila mara. Kwa mkono au mguu uliojeruhiwa, dawa ya ganzi huweza kudungwa kando ya neva, kwapani au kwenye kinena. Mgonjwa hupumua mwenyewe, nafuu kubwa umeme unapokatika. Hata hivyo mtungi wa oksijeni hautolewi chumbani: dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu, huweza kuleta degedege.